Egemeo la Kidole cha Mwisho

4 Februari

Mjukuu wangu Msumari,

Salamu zako nimezipanga kwenye sahani ya kushoto ya mizani, na kulia nimeweka mapenzi ya babu. Mshale umesimama katikati. Ukifungua bahasha ukaona umeinama, ujue watu wa posta wamedokoa njiani.

Sisi tupo. Bibi yako goti linamsumbua, lakini mdomo mzima, tena umeongezeka nguvu. Anauliza kama mke mwenziwe anakula vizuri huko chuoni. Paka amezaa ndani ya kabati langu la vifaa, watoto wanne, kwenye droo ya mawe ya nusu kilo. Nimewaambia wahame, wananitazama tu kama wapangaji waliozoea. Jirani yetu Fundi Viatu anaulizia kama ukishahitimu utamchoma sindano bure. Nimemwambia kwa ngozi yake tutaazima ile sindano anayoshonea soli.

Usinipigie simu. Ile uliyoniachia imetumbukia kwenye ndoo ya maji, mara ya pili sasa. Nadhani inapenda kuoga.

Haya, hilo la sanamu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikimsomea bibi yako kwa sauti, naye hajaamini mpaka leo. Yaani mmewekewa mzee wa mpira, amelala kitandani, ana mishipa, ana damu ya rangi, na ndani ya mkono wake mna vidude vinavyohisi kila mnapomgusa. Na ninyi wenyewe mnavaa glavu zenye vidude hivyo hivyo. Mkimchoma, kompyuta inachora mistari, na mistari hiyo ndiyo itakayosema nani muuguzi na nani arudi kwao. Wewe unaviita vihisio. Mimi nitaviita wambea. Kitu kinachokaa kimya kwenye glavu, halafu kinakwenda kumsimulia mwalimu ulichofanya, jina lake ni mbea hata kikitengenezwa kwa dhahabu.

Halafu huyo mnayemwita Mzee Mpira, huwa analalamika? Mgonjwa asiyelalamika si mgonjwa, ni kiti.

Lakini usiogope. Mimi shule iliniachia darasa la nne, ila mkono naujua. Miaka arobaini nimetengeneza mizani: za dukani, za masonara, na zile ndogo za kupimia dawa ambazo ukizipumulia tu zinaandika uzito wa pumzi yako. Ulipokuwa na miaka saba ulikaa pembeni ya meza yangu ukatia skrubu ndogo kuliko chawa kwenye tundu lake, haikudondoka. Kwa nini? Kwa sababu nilikufundisha kwamba kidole cha mwisho ndiyo nanga. Kabla vidole vingine havijaanza kazi, hicho kitie chini, kikandamize, shika pumzi, ndipo uingie. Mfanyie hivyo Mzee Mpira. Wambea watakosa la kusema.

Ni mimi babu yako, mwenye saa kubwa ya chuma iliyosimama saa moja na dakika ishirini tangu hujazaliwa, na bado naivaa.

Babu


26 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya bibi mpelekee kama ilivyo, usiimege. Mwambie mke mwenziwe anakula, ila mpishi wa hapa ana ugomvi na chumvi. Chumbani tuko wanne. Anayelala kitanda cha juu yangu anakariri majina ya mifupa kwa sauti, mpaka na mimi nimeyajua bila kufungua daftari. Katika hao watoto wa paka mmoja muite Nusu Kilo, awe wangu.

Babu, nimeanguka.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu kumwekea Mzee Mpira kanula, ule mrija mwembamba unaoachwa ndani ya mshipa ili dripu ipite. Nikafanya ulivyosema. Kidole cha mwisho chini, nikashika pumzi, nikaingia. Damu ya rangi ikaja papo hapo. Nikajua nimefaulu, hata nikatabasamu. Mkufunzi wetu, tunamwita Sista Rula kwa sababu kila kitu chake kimenyooka, akaigeuza skrini darasa zima lione. Wenzangu wote walipomshika, mkono wa sanamu ulionyesha madoa mawili ya mgandamizo. Wangu ulionyesha matatu. La tatu lilikuwa pembeni, kubwa, jekundu. Kidole changu cha mwisho.

Akasema, "Mgonjwa wa miaka themanini ngozi yake ni karatasi. Hapo umemwachia alama, na mshipa umeubana. Inua hicho kidole, rudia."

Nikainua. Sindano ikaanza kutetemeka.

Si woga, Babu. Woga naujua, unakuja na jasho na unaondoka. Huu haukuondoka. Mstari wa wenzangu kwenye skrini ni kama uzi uliovutwa. Wangu ulikuwa kama mshono wa cherehani, juu chini, juu chini, kwa kipimo kimoja. Kidole kikiegemea, mshono unapotea. Kikiinuka, unarudi. Sista Rula akautazama, akanitazama mimi machoni. Akauliza mbele ya watu, "Jana ulilala?" Nikasema nililala. Akasogea karibu, akavuta pumzi. Alininusa, Babu. "Unakunywa nini?" Huko nyuma mtu akacheka.

Tarehe ishirini na tisa Mei jopo la chuo litakaa. Mwanafunzi ambaye mkono wake haujatulia na hana sababu ya kueleweka, anaondolewa. Kwenye faili langu kwa sasa wameandika "inachunguzwa". Lakini najua neno wanalolifikiria, na wewe unalijua, maana lilishawahi kuingia nyumbani kwetu.

Basi nijibu hili tu. Kwetu kuna mtu aliyewahi kutetemeka mikono?

Msumari wako


15 Machi

Msumari mkali,

Salamu. Bibi yako amekwenda kliniki kuonyesha goti, kwa hiyo hii ni barua isiyopita kwa mkaguzi. Nusu Kilo ameshafungua macho. La kwanza aliloliona ni mimi, akayafumba tena.

Kukunusa! Angenikuta mimi huyo Sista Rula, angenusa mafuta ya mashine, tumbaku na uzee, akazimia, tukamlaza pembeni ya Mzee Mpira wakafanana.

Sikiliza nikupe elimu isiyo na cheti. Kabla ya kumlaumu muuza sukari, fundi huuliza hivi: mizani ikiwa tupu, mshale unasimama wapi? Usiposimama kwenye sufuri, kila utakachopima ni uongo, hata ukipima malaika. Niliwahi kuitwa na muuza nyama aliyeapa kwamba wateja wa mtaa mzima ni waongo. Nikainua sahani, nikakuta kipande cha mfupa kimejibana chini yake, kimekaa humo miaka miwili kinamtukanisha. Hiyo glavu yako nani kaiweka sufuri? Nani kaikagua? Mwambie Sista Rula aivae mwenyewe, amchome Mzee Mpira mbele yenu. Tuone kama na yeye hatashona nguo.

Kuhusu hilo la ukoo, kwetu walitetemeka wote siku mkaguzi wa vipimo alipobisha hodi. Hata kuku waliingia uvunguni. Basi.

Kula vizuri. Mjini watu wanasahau kula halafu wanaita ugonjwa.

Babu


2 Aprili

Babu,

Shikamoo, na bibi pia. Goti walisemaje? Hukuandika. Kuna mengine pia hukuandika, lakini nianze na ulilonituma.

Nilimwomba Sista Rula avae glavu. Nilidhani atanitoa nje. Akaivaa. Mstari wake ulikuwa uzi. Akaivua, akaiweka sufuri mbele ya macho yangu, akairudia. Uzi tena. Akanivisha mimi, cherehani. Mizani ni nzima, Babu. Mzigo ndio wenye jambo.

Akanipeleka kwa daktari wa chuo. Nilimtegemea aninuse naye, hakuninusa. Alinipa karatasi akaniambia nichore konokono, yaani duara linalozunguka kutoka katikati kwenda nje, mkono usiguse meza. Konokono wangu alitoka na miiba. Daktari akasema kuna kutetemeka kwa namna hii ambako si ulevi, si woga, wala si ugonjwa wa kuua. Kunatembea ndani ya familia, mzazi anampa mtoto. Wengine kunawaanza wakiwa vijana kabisa. Kuna vidonge vya kupunguza, na kuna njia za kuufundisha mkono. Lakini jopo halitanisikiliza kwa maneno ya daktari peke yake. Wanataka maandishi ya mtu mzima wa familia, aseme ni nani mwingine, na tangu lini.

Nimekaa kitandani nikakumbuka vitu. Bibi anakutilia chai nusu kikombe, kwa wageni hujaza. Hiyo saa yako iliyokufa, kila mtu anakucheka nayo na huivui, tena unaivaa mkono wa kuandikia. Simu moja kwenye ndoo mara mbili.

Halafu nimemkumbuka baba.

Nilikuwa na miaka minane. Alirudi kutoka kwenye lile duka la dawa alikokuwa akipima dawa, akakaa kwenye ngazi, na ninyi ndani mkasema kafukuzwa kwa ulevi. Baada ya hapo nakumbuka harufu ya pombe, halafu nakumbuka hayupo. Miaka yote hii mtu akiniuliza nasema baba yangu ni mlevi, amenikimbia. Lakini juzi nilijaribu kuikumbuka harufu hiyo kabla ya siku ile ya ngazi, nikaikosa.

Baba alianza kunywa kabla ya kufukuzwa, au baada?

Nimeweka karatasi tupu humu ndani. Mchore konokono. Vua saa kwanza.

Mjukuu wako


30 Aprili

Babu,

Shikamoo. Bado mwezi mmoja kasoro siku moja jopo likae, na sijapata barua.

Jumamosi nilimpigia simu Fundi Viatu akuite. Akarudi akasema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Babu, wewe saa nne asubuhi hujawahi kulala hata ukiwa na homa, unasema usingizi wa mchana ni wa paka na wakubwa wa serikali.

Nilimsikia mtu nyuma yake akimnong'oneza. Namjua anayenong'ona hivyo.

Sina la kuongeza.


11 Mei

Msumari,

Leo sina sahani ya kushoto wala ya kulia.

Goti la bibi yako walisema ni uzee. Amekataa, amesema uzee ungeshika magoti yote mawili. Hajambo, ila hanisemeshi. Barua yako ya Aprili niliificha kwenye droo ya paka, nikasahau kwamba anayewalisha paka ni yeye. Jana mchana nimefunua sahani yangu nikakuta karatasi tupu, kalamu, na barua yako. Chakula hakuna. Nikamwambia, "Mke wangu, hiki hakijaiva." Akasema, "Kitie ukweli kitaiva," akatoka. Akitaka maneno yaume huyapunguza.

Saa nimeivua. Iko pale dirishani, bado ni saa moja na dakika ishirini. Barua zangu zote ulizowahi kupokea niliziandika nimeivaa, kidole cha mwisho kimekandamiza meza, kila sentensi napumzika. Hii naiandika mkono mtupu. Ukiona herufi zinacheza usidhani nalia. Hivi ndivyo ninavyoandika.

Konokono yuko nyuma ya karatasi hii. Kama huyo wako ana miiba, wangu ni nungunungu.

Natetemeka tangu nina miaka ishirini na miwili. Mama yangu naye alitetemeka, tukasema ni uzee, kumbe alianza kabla ya mvi. Sasa hebu fikiri, fundi mizani anayetetemeka. Ni kama mwizi mwenye kengele shingoni. Nani angenipa leseni? Sonara gani angenifungulia mlango? Nikaigundua ile nanga ya kidole. Kisha nikagundua kwamba mkono ukibebeshwa kitu kizito unatulia kidogo, nikanunua saa. Niliinunua ikiwa imeshakufa, Msumari. Nilitaka uzito, sikutaka saa. Watu wakanicheka kwa kuvaa saa iliyosimama, nami nikacheka nao, tena nikawatangulia. Mtu akishakucheka kwa dogo haulizi kubwa.

Simu haikutumbukia. Nikibonyeza tarakimu moja zinabonyezeka tatu. Niliitumbukiza.

Ulipokuwa na miaka saba, pale mezani, niliuona mkono wako. Niliuona kabla wewe hujauona. Ndipo nikakufundisha nanga. Nilikuambia ni ufundi. Yalikuwa ni maficho, nikakufundisha kuficha kitu ambacho hukujua unacho.

Sasa baba yako.

Mizani za lile duka la dawa nilikuwa nazitengeneza mimi. Siku hiyo nilikuwa humo humo, nimeinama kwenye kaunta, bisibisi mkononi. Mwenye duka akaja akaniambia taratibu, mtu mwema tu, "Fundi, huyu mwanao mkono unamtetemeka. Unga wa dawa unamwagika. Anaumwa?"

Hapo nilitakiwa kusema maneno mawili: hata mimi. Lakini mkono wangu ulikuwa ndani ya mizani yake. Nikafanya nifanyacho siku zote, nikatania. Nikasema, "Labda asubuhi alipitia mahali akapata moja la kufungulia koo." Akacheka. Nami nikacheka. Nikageuka, baba yako yuko mlangoni, kashika chupa mbili, zinagongana.

Alizitua zile chupa moja moja. Jioni wakamwandikia barua ya kumwachisha, na sababu waliyoiandika ni ulevi. Baba mzazi kasema mwenyewe, wangetafuta shahidi gani mwingine?

Umeniuliza kabla au baada. Baada. Kabla ya siku ile baba yako hakuwahi kuonja hata povu. Walimwandikia ulevi, akaona bora aende akaujue. Nasikia ameacha, mwaka wa tano sasa. Nasikia kwa watu, maana kwangu hajakanyaga. Analinda geti la ghala la saruji ng'ambo ya reli, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka hapa ninapokaa. Nimejua siku zote. Hakukukimbia wewe, alinikimbia mimi, na wewe ulikuwa nyumbani kwangu.

Humu ndani mna karatasi mbili za ushahidi, neno kwa neno sawa. Ya kwanza ya jopo. Nimeandika kazi yangu, miaka yangu, mama yangu, baba yako, na kile nilichokisema dukani. Bibi yako na Fundi Viatu wametia sahihi. Wakitaka kuninyang'anya leseni waje, bibi yako anaitumia kufunikia mtungi. Ya pili umpelekee baba yako likizo ikifika. Mimi siwezi. Nimejaribu mara mbili kufika relini nikarudi, nikamwambia bibi yako kwamba treni ilikuwa inapita. Mara zote mbili.

Babu


4 Juni

Babu,

Shikamoo. Shikamoo bibi. Barua ilifika siku mbili kabla ya jopo. Niliifungua barazani pa posta nimesimama, nikamalizia nimekaa chini.

Daktari aliwapanga konokono wawili mezani, wako na wangu. Akasoma ushahidi wako kwa sauti. Alipofika dukani, pale ulipotania, akapunguza sauti, lakini wote walisikia. Sista Rula aliwatazama wale konokono muda mrefu. Akaniuliza, "Kidole hicho nani alikufundisha kukiweka hivyo?" Nikasema babu yangu. Akasema, "Mwalimu mzuri. Amefundisha kitu kibaya."

Kwenye faili wamefuta "inachunguzwa", wameandika "ya kurithi". Sifukuzwi. Lakini muhula wote huu narudia, na mgonjwa wa kweli sitamgusa na sindano mpaka mstari wangu utulie bila kumkandamiza mtu. Nimeanza vidonge. Natumia kitambaa kilichokunjwa chini ya kiwiko, kitandani, mbali na mkono wa mgonjwa. Mstari unapungua, haujawa uzi. Wodi ya watoto wachanga wameniambia nisiitegemee. Hiyo ndiyo niliyoitaka kuliko zote, hukuwa unajua. Na saa yako haitanifaa. Wauguzi hatuvai kitu mkononi.

Sista Rula hajaniomba radhi. Ila jana nilipoingia kwa mazoezi nilikuta kitambaa kimeshakunjwa, kingo kwa kingo, kama alivyo yeye.

Babu, sijui kama nina hasira. Nadhani ninayo, inasubiri nimalize mitihani. Miaka kumi na miwili nimemchukia mtu kwa neno ulilolisema kwa mzaha ukiwa umeshika bisibisi. Huo uzito sijui niuweke wapi. Wewe ndiye fundi, niambie.

Karatasi ya pili nakurudishia. Iko humu. Kumpelekea si kazi yangu.

Msumari


29 Juni

Msumari,

Salamu kutoka kwa bibi yako, aliyeanza tena kunipa chakula kwenye sahani yangu badala ya kuniwekea karatasi. Nusu Kilo amekamata panya wake wa kwanza, akaniletea miguuni. Nadhani ananidharau kwamba siwezi kujilisha.

Hilo la uzito sina jibu. Nimetengeneza mizani za kila namna, ya kupimia hilo sijaiona. Ningekuwa na jibu la kuchekesha ningeliweka hapa, na ndiyo maana nimeona nisiliweke.

Nilikwenda Jumanne. Saa niliiacha dirishani. Relini hapakuwa na treni, nikakosa kisingizio, nikavuka.

Aliniona kwa mbali. Akaingia kibandani, nikadhani ndiyo basi. Akatoka amevaa kofia yake ya kazi. Akasema, "Shikamoo," kama anavyomwambia mtu yeyote mwenye mvi anayekuja kuulizia saruji. Nikasema, "Marahaba. Nimeleta karatasi." Aliisoma amesimama. Akaanza tena juu. Karatasi ilikuwa inapiga kelele mkononi mwake kama iko kwenye upepo, na upepo haukuwepo. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Umechelewa," akasema.

"Ndiyo."

Akaniangalia mkono. "Saa iko wapi?"

"Nyumbani. Imekufa."

"Ilikuwa imekufa siku zote," akasema. Nikajua kwamba na yeye alijua. Hata siku ile ya chupa, alijua. Alikuwa amesimama pale mlangoni akinisubiri niseme.

Lori likaja, akafungua geti, akafunga. Aliporudi akauliza, "Mtoto?" Nikamwambia yuko chuoni, hajafukuzwa, anarudia muhula, mkono wake ni kama wetu. Akakaa kwenye benchi. Hakuniambia nikae, lakini alisogea.

Kuna mama anauza chai pale getini. Alituletea vikombe viwili juu ya visahani, amejaza mpaka ukingoni, hanijui. Tukavipokea. Changu kikaanza kugonga kisahani, chake kikakiitikia. Chai ikamwagika kwangu, ikamwagika kwake. Mama wa watu akatua birika chini, akashika kiuno.

"Jamani, nyie wawili mna nini?"

Nilifungua mdomo. Utani ulikuja mbio wenyewe, tena ulikuwa mzuri, hata wewe pamoja na hasira zako ungecheka. Nikaufungia humo humo.

Baba yako akamjibu, "Ni ukoo."

Tukanywa iliyobaki. Wakati naondoka aliniomba anwani yako, nimempa. Anaandika polepole, kama sisi wote. Usimharakishe.

Babu